Nilipe nusu ya bei ya kisu ambacho sijakishika?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mtumishi wa serikali, naishi Kisasa hapa Dodoma. Nakusanya visu, mpaka sasa ninavyo saba, pamoja na sime ya marehemu babu. Mtengenezaji mmoja wa nje ametangaza kisu kipya cha wakusanyaji: nakala 200 tu, kila moja na namba yake. Ubapa ni wa sentimita 12, chuma cha Dameski chenye tabaka 300, mgongo milimita 6. Mpini ni wa mpingo wenye mabonde manne ya vidole, noleo, yaani ile pete inayounga mpini na ubapa, la shaba ya manjano, ala ya ngozi. Bei ni dola 480, nusu inalipwa sasa na kisu kinatumwa baada ya miezi mitatu. Nimeambatisha picha zote sita za tangazo. Nitajuaje kama ubunifu na ufundi wake vinastahili bei hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha zako nimezitazama usiku, nikazirudia asubuhi kwa kioo cha kukuzia. Kisu kinapendeza, hilo sikatai. Lakini picha zote sita zimepigwa upande mmoja, wa kushoto. Hakuna hata moja inayoonyesha mgongo kwa juu, hakuna inayoonyesha kitako cha mpini, na pale ubapa unapoingia kwenye noleo pana kivuli katika kila picha. Umeonyeshwa uso wa kisu. Viungo vyake hujaonyeshwa, na ufundi wa kisu unakaa kwenye viungo.

Kung'arisha ubapa ni kazi ya subira. Mpe kijana yeyote msasa kuanzia namba 120 mpaka 2000, mpe na siku mbili za kukaa chini, ataufanya uakisi sura yako. Viungo havikubali subira peke yake. Tundu la noleo likizidi nusu milimita, halirudi kuwa dogo. Fundi ama atupe lile noleo aanze jingine, ama ajaze gundi na kupaka kitu juu. Mpingo lazima ulalie shaba bila mstari mweusi katikati. Pande mbili za ubapa lazima zianze kukondeshwa mahali pamoja; pale panapoanzia ndipo tunapaita bega. Ukikitazama kisu kwa juu, bega la kulia na bega la kushoto yawe yamesimama sambamba kama mabega ya mtu mzima wa afya. Bega moja likiwa mbele ya jingine hata kwa milimita moja, jicho lililozoea linaliona, na hakuna msasa wa kulificha isipokuwa kuusaga ubapa wote upya. Ndiyo maana mtengenezaji anayejiamini huwa na haraka ya kukuonyesha mgongo. Hapo ndipo penye jasho lake.

Tuje kwenye umbo. Nenda mnadani Msalato siku moja, usiagize nyama kwanza, tazama visu vya wachoma nyama. Ni vyembamba, vimenolewa mpaka upana wake umebaki nusu, mipini imezungushiwa mpira wa baiskeli. Havina uzuri wa kuwekwa kabatini, lakini vinakata mbavu za mbuzi asubuhi hadi magharibi na mkono wa mwenyewe hauchoki. Kisu cha mkusanyaji nacho, hata kama hakitagusa nyama maishani, lazima kiwe kinaweza. Kikishakosa uwezo huo kinakuwa sanamu ya kisu, na sanamu ina bei zake nyingine.

Sime ya babu yako itakufundisha jambo hilohilo. Itoe alani. Kama ni ya kimasai ya kawaida, ubapa wake unapanuka kuelekea mbele kama jani, kisha ndipo unapochongoka. Upana ule umewekwa pale ili uzito uwe mbele, pigo liwe zito bila mtu kutumia nguvu nyingi. Katikati ya ubapa pana ukingo ulioinuka unaouzuia usipinde. Mpini umevikwa ngozi kwa sababu ngozi haitelezi kwenye jasho. Kila mstari wa sime una sababu yake. Sasa chukua picha ya hicho kipya, uulize mstari mmoja mmoja: wewe uko hapa kwa kazi gani?

Ncha inajibu vizuri. Imeshushwa kidogo chini ya mstari wa mgongo, umbo ambalo Bob Loveless wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010, alilipa umaarufu mkubwa katika visu vya wawindaji. Ncha ya namna hiyo mtu anaitawala kwa urahisi; wakati wa kumpasua mnyama haitoboi utumbo ovyo. Mstari wa mgongo nao unateremka mpaka kwenye mpini bila kukatika, kama umechorwa kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu. Aliyekichora ana jicho, na hilo nampa bila kinyongo.

Mgongo wa milimita 6 haujibu. Nikilinganisha urefu na upana kwenye picha, ubapa una upana wa kama sentimita 3. Unene wa milimita 6 unaoshuka hadi makali ndani ya sentimita 3 ni kabari. Kitunguu kitapasuka kabla ya kukatwa, na nyama utaisukuma badala ya kuipitia. Kwa ubapa wa sentimita 12, milimita 3 hadi 4 zinatosha kabisa, na pale juu kidogo ya makali, kabla ya kunolewa, pabaki kama nusu milimita. Unene mkubwa huwekwa kwa sababu picha inaupenda na mkono wa mnunuzi huhesabu uzito kuwa ubora. Nimeshika visu vya namna hiyo vingi na sijapata kimoja nilichotamani kukitumia kwa zaidi ya robo saa.

Mabonde manne ya vidole ndiyo yanayonisikitisha zaidi. Mpini wa namna hiyo unafaa mkono mmoja tu duniani, na mkono huo ni wa aliyeuchonga. Vidole vyako vikiwa vinene kuliko vyake, kuta za mabonde zitakaa chini ya mifupa. Tena unalazimika kukishika kwa namna moja tu, wakati kisu hugeuzwa mkononi: mara makali juu, mara kidole cha shahada kiko mgongoni, mara kimeshikwa kwa ncha za vidole. Mpini mzuri unaonekana mtupu kwenye picha. Tumbo dogo katikati, shingo iliyopungua kidogo mbele, kitako kinachouzuia mkono usichomoke, basi. Uzuri wake unausikia ukifumba macho.

Sasa hili la Dameski, maana najua ndilo lililokuvuta. Kinachoitwa chuma cha Dameski leo ni vyuma viwili au zaidi vilivyounganishwa kwa moto na nyundo, vikakunjwa au kukatwa na kurundikwa tena, mara nyingi kimoja kikiwa na nikeli. Ubapa ukishakamilika unachovywa kwenye asidi. Chuma chenye nikeli kinabaki cheupe, kile cha kaboni tupu kinaingia weusi, na hapo mawimbi yanajitokeza. Ufundi huo uliwahi kuwa adimu mno huko Marekani, mpaka mhunzi William Moran wa Maryland alipoonyesha visu vyake mwaka 1973 na wengine wakaufuata. Leo vipande vya Dameski vilivyokwisha kuunganishwa vinauzwa kama mbao. Mtu anaagiza, anakata umbo, ananoa. Hakuna ubaya katika hilo, ila aseme. Tabaka 300 nazo zisikutishe. Ukianza na tabaka 10 na kukunja mara tano, unafika 320. Wingi wake haukifanyi kisu kiwe kikali zaidi, na zikizidi sana mawimbi yanakuwa membamba mno hata hayaonekani.

Unachotakiwa kuogopa ni mawimbi yaliyochorwa juu ya chuma cha kawaida. Dawa yake ni ileile, mgongo. Mawimbi ya kweli yanatoka upande wa kushoto, yanavuka mgongo kama mistari ya mbao, yanashuka upande wa kulia yakiwa yamebadilika sura. Ya kuchorwa yanaishia ukingoni, au mgongo wenyewe uko mtupu. Picha ya mgongo ikija, jambo hilo litaisha kwa dakika moja.

Linalobaki ni lile ambalo hakuna picha inayoweza kulionyesha, nalo ndilo roho ya kisu: moto. Ubapa uliochongwa vizuri lakini ukapashwa vibaya ni bati zuri. Chuma cha kaboni kinapashwa hadi zaidi kidogo ya nyuzi 800 za Selsiasi. Wahunzi wasio na kipimajoto hutumia sumaku, kwa sababu chuma huacha kushikwa na sumaku kikifika karibu nyuzi 770, kisha wanapandisha kidogo tu na kuchovya mafutani. Hapo kimekuwa kigumu kama kioo, na kama kioo kitavunjika. Kwa hiyo kinarudishwa kwenye moto mdogo, karibu nyuzi 200, kwa saa mbili, mara nyingi zaidi ya mara moja, mpaka ugumu ushuke kiasi na ustahimilivu upande. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Kisu kizuri cha kaboni cha kazi kama hii husoma 58 hadi 60. Tangazo lako limetaja tabaka, limetaja ngozi, limetaja hata sanduku la kisu. Aina za chuma halikutaja, wala ugumu, wala nani aliyekipasha moto. Wazee wa pwani walikuwa na neno feleji kwa chuma cha upanga kilicho bora, na hakikuitwa feleji kwa kung'aa.

Wahunzi wenyewe wanajua kwamba hapa macho hayatoshi. Chama cha American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976, hakimpi mwanachama daraja kwa kutazama uso wa kisu. Kisu chake kinakata kamba nene ya sentimita mbili na nusu inayoning'inia bila kushikwa, kwa pigo moja. Halafu kinapiga na kukata ubao wa ujenzi mara mbili, na baada ya hapo lazima bado kinyoe nywele za mkono. Mwisho ubapa unabanwa kwenye jiliwa na kupindwa hadi nyuzi 90 bila kuvunjika. Kisu kile kinaharibika pale pale. Baada ya hapo ndipo anapoleta vingine vitano vya kupimwa kwa macho, na hapo wanatafuta yale niliyokuambia: mabega, noleo, mistari ya gundi. Simwambii mtu akipinde kisu chako kipya. Nakueleza ili ujue wenye kazi yao wanapima nini kwanza.

Kuhusu nakala 200 na namba zake, tupige hesabu ya kawaida. Miezi mitatu, kazi siku sita kwa wiki, ni kama siku 78. Mia mbili gawa kwa 78 ni visu viwili na nusu kila siku. Mtu mmoja anayefua Dameski, kuchonga, kupasha moto, kuweka noleo na mpini kwa mkono wake hawezi. Kimoja tu kinamchukua siku kadhaa. Basi hivi vinatoka kiwandani, au kwenye karakana yenye mashine zinazoongozwa na kompyuta na mafundi wengi. Viwanda vinatengeneza visu safi sana, mara nyingine vyenye viungo vilivyo sahihi kuliko vya mkono. Lakini tangazo linaandika "kimetengenezwa kwa mkono", na bei imepangwa juu ya maneno hayo. Ukilipa bei ya mkono, uliza ni mkono wa nani.

Mpingo sasa, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu unaishi Dodoma. Mpingo ni mti wetu, nao ni mgumu na mzito kiasi kwamba kipande chake kikavu kinazama majini. Kwa mpini ni chaguo zuri kuliko mengi. Hata hivyo ni mbao, na mbao hunywa na kutoa unyevu wa hewa inayoizunguka. Inapotoa, inasinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu haisinyai kabisa. Chuma na shaba havisinyai. Sasa fikiria mpini uliotengenezwa kwenye nchi ya mvua nyingi, ukaja hapa Juni. Kuanzia mvua zinapokatika hadi Novemba hewa yetu ni kavu, upepo wa Agosti unakausha hata midomo. Mpingo unapungua, msuka, yaani ule mkia wa ubapa unaoingia kwenye mpini, uko palepale.

Hilo limenikuta. Mwaka 2016 niliagiza kisu kutoka kwa mtengenezaji wa nje mwenye sifa, mpini wa mbao ngumu, msuka wa chuma unaoonekana kuzunguka mpini mzima. Kilifika Machi, nikapitisha ukucha pale mbao inapokutana na chuma, ukucha haukukwama popote. Oktoba nikapitisha tena: chuma kilikuwa kimechomoza kama uzi kuzunguka mpini wote, na karibu na noleo mwanya ulioweza kupokea wembe. Ribiti moja ilikuwa imeupasua mpini kwa ufa wa sentimita mbili. Nilimwandikia, akajibu kwamba kiliondoka kwake kikiwa kizima. Ni kweli kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni mbao iliyokaushwa vya kutosha, na uangalifu wa kuulizia kinakwenda wapi. Nilikililia kile kisu kama mtu aliyefiwa, kwa sababu ubapa wake ulikuwa mzuri kuliko wote niliokuwa nao.

Kwa hiyo muulize mbao ilikaushwa muda gani na kama ilitiwa gundi inayopenya ndani. Muulize pia msuka umeingiaje. Kama umefichwa ndani ya mpini, je, unafika mpaka kitakoni au unaishia njiani? Kama unaonekana pande zote, je, unene wake unapungua kuelekea kitako? Loveless alikuwa akiupunguza hivyo, na ni kazi ngumu ambayo wengi wanairuka, lakini inahamisha uzito kwenda mbele. Kwa ubapa mnene kama huu ni swali la pili. La kwanza ni kukauka.

Usiwe na hofu ya forodha juu ya mpingo wenyewe. Jamii ya miti hiyo, karibu yote, imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017, lakini bidhaa zilizokamilika zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa mzigo ziliondolewa kwenye masharti mwaka 2019, na mpini wako haufiki hata gramu mia. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ushuru na nauli uviweke kwenye hesabu yako mapema. Na wakikuletea toleo la mpini wa jino la ngiri au pembe ya mnyama wa porini, achana nalo. Hapa kwetu hizo ni nyara, zinahitaji kibali, na hutaki kueleza habari ya kisu kituoni.

Kwa dola 480, kwa ninachokiona sasa, mimi nisingelipa hiyo nusu. Umbo lina mstari mzuri na ncha nzuri, likabebeshwa unene usio na kazi na mpini wa mkono mmoja. Ufundi siwezi kuusifu wala kuukashifu kwa sababu sijaonyeshwa ulipo. Mwandikie, kwa adabu, umwombe picha ya mgongo kwa juu kwenye mwanga wa dirisha, picha ya kitako, picha ya noleo kwa karibu pande zote mbili, na picha ya makali yakitazamwa kutoka kwenye ncha. Umuulize majina ya vyuma na ugumu wake. Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa, na picha hizo atakuwa nazo kwenye simu. Akikujibu kwa kukuambia zimebaki nakala chache, ujue ameshajibu.

Picha zikija na mabega yakawa sawa, mawimbi yakavuka mgongo, noleo likawa halina mstari mweusi, basi ni kisu safi cha kiwandani chenye kasoro mbili za umbo. Kama bado kinakukaa moyoni, kichukue, lakini jaribu kupata cha bei ya chini kidogo baada ya kutoka. Matoleo kama haya mara nyingi hurudi sokoni mikononi mwa waliovichoka.

Kikifika, usikihifadhi ndani ya ala. Ngozi inabaki na asidi za kutengenezea, zinaitia shaba ukijani na chuma madoa, hata huku kwetu kukavu. Kifute kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani, ala ilale kando yake. Kiweke kabatini mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Oktoba pitisha ukucha pale mpingo unapokutana na shaba, kisha uniandikie umesikia nini.